Darasa la saba Bukavu: nimezunguka shule tatu, bado sijui nimpeleke wapi

Mama Aline wa Nyamugo

Asinge wazazi, asinge walimu.

Aline wangu kamaliza la sita. ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza primeri, kapata 71 kwa mia, na siku matokeo yalipotoka tulichinja jogoo. Alikuwa jogoo wa jirani, yule wa kutuamsha saa tisa usiku. Nilimnunua kwa makusudi. Sasa jogoo kaisha, imebaki hesabu. La saba aende wapi?

Tunakaa Nyamugo, mimi nauza sambaza kavu (dagaa wa ziwa Kivu) soko la Kadutu. Wiki mbili zilizopita nilimwachia dada yangu meza, nikachukua kaye (daftari) ya madeni, nikaanza kuandika kwa nyuma kwenye kurasa tupu, nikazunguka shule tatu. Zote ni za umma. Za watu binafsi msinitajie, nina watoto wanne na Aline ni wa pili. Majina ya shule sitayaandika kwa sababu mji huu ni mdogo, mtu akikohoa Nguba wanamwambia pole Bagira. Nimezipa majina yangu mwenyewe.

Ya kwanza naiita Bati Jekundu. Ni ya serikali moja kwa moja, haina kanisa juu yake. Kutoka kwangu ni dakika kumi na mbili za kushuka, ishirini za kupanda (Kadutu mnaijua, hakuna njia tambarare hata ya kwenda kwa jirani). Sekretari alinionyesha orodha ya la saba ya mwaka uliokwisha: majina 68, darasa moja. Nikahesabu madawati: 17. Wanne kwa kila dawati, na hayo ni madawati ya watoto watatu. Ukuta wa nyuma una ufa unaotoka dirishani mpaka kwenye mbao za paa. Prefe, mkuu wa shule, akaniambia ni wa tetemeko lile la Februari 2008, waliuziba kwa saruji, saruji nayo ikapasuka. Dari hakuna. Nikamuuliza, mvua ikinyesha juu ya bati mnafundishaje? Akacheka: "Mama, mvua ikinyesha hatusemi, tunaandika." Lakini mtu huyo alikaa na mimi nusu saa nzima, na kiti alichonikalisha kilikuwa chake, yeye akasimama.

Ya pili ni ya Masista, upande wa Ibanda. Uwanja umefagiwa, maua kila kona, na getini wamebandika karatasi: Exetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari), 98 kwa mia. La saba wako 50 kwa darasa. Kuna mtihani wa kuingia. Ndani sikufika. Sekretari alinipitishia karatasi ya malipo kwenye kidirisha, akaniambia nikaisomee nje. Nikaisomea nje.

Ya tatu ni ya Waprotestanti, njia ya Panzi. Watoto 44 tu darasani. Walitaka kunionyesha chumba cha maabara, nikafurahi, kumbe ufunguo uko kwa mtu aliyesafiri Uvira. Tukachungulia dirishani: mikroskopu moja, bado iko ndani ya katoni yake. Hilo si kitu. Shida ni kwamba la saba na la nane wanasoma mchana, saa sita na nusu mpaka saa kumi na moja na nusu. Mimi nawaza mwezi wa kumi na moja, mvua, msichana wa miaka kumi na miwili anatoka njia ya Panzi anarudi Nyamugo.

Makuta sasa. Malipo ya Masista kwa mwaka ni mara mbili na nusu ya Bati Jekundu. Nikadhani hilo ndilo jambo kubwa, mpaka nilipohesabu moto, yaani pikipiki ya kumpeleka Ibanda: 1,500 kwenda, 1,500 kurudi, siku sita kwa juma. Mwezi wa siku 24 ni faranga 72,000. Motari atakula kuliko mwalimu.

Kwa hiyo nisaidieni. Ile 98 niiamini? Darasa la watoto 68, mtoto anatoka na kitu kichwani au anatoka na kikohozi tu? Halafu shemeji yangu anashikilia kwamba sheria inasema masomo ni bure mpaka la nane. Kama ni bure, karatasi ya kidirishani ni ya nini?

Mwalimu wa Aljebra

Mama Aline, hongera kwa 71. Nafundisha hesabu la saba na la nane tangu 2003, hii ni shule yangu ya nne. Nianze na shemeji yako, maana kosa lake ni la wengi.

Katiba yetu ya Congo ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya primeri ni ya lazima na ni bure katika shule za umma. Ilikaa kwenye karatasi miaka mingi, ikaanza kutekelezwa Septemba 2019. Sheria ya Februari 2014 ndiyo inayosema elimu ya msingi ina miaka minane, sita ya primeri na miwili ya sekondari. Ndiyo sababu leo tunasema la saba na la nane, badala ya wa kwanza na wa pili sekondari kama enzi zetu. Shemeji kaunganisha karatasi mbili. Jina la "msingi" lilifika la nane, bure ilibaki la sita.

Na neno "umma" lisikuchanganye. Shule ya Masista na ya Waprotestanti nazo ni za umma. Serikali ilizichukua shule za makanisa 1974, mambo yakaenda vibaya, 1977 ikazirudisha mikononi mwao kwa mkataba: kanisa linaongoza, programu ni ya serikali, mwalimu ni wa kulipwa na serikali. Hata Alfajiri ya Wajesuiti, iliyoanza 1938, iko katika kundi hilo la shule za konvansio. Kwa hiyo una haki ya kuuliza maswali pale kidirishani kama unavyouliza Bati Jekundu.

Viwango vya malipo hupangwa na gavana wa jimbo, kila mwaka, kwa amri yenye sahihi. Nenda sudivizioni, ofisi ya elimu ya hapa mjini, omba kuisoma, ulinganishe na karatasi yako. Utakuta mistari ambayo haimo. Hiyo mara nyingi ni ile "iliyokubaliwa na kamati ya wazazi". Uliza kikao kilikaa lini.

Lakini nisikufiche: sehemu ya pesa hiyo ndiyo iliyonilisha. Tangu miaka ya 1990 mzazi ndiye aliyemshika mwalimu mkono, na bado kuna walimu madarasani ambao majina yao hayako kwenye orodha ya mishahara. Mimi nilifundisha miaka sita hivyo. Basi swali moja la kuuliza prefe yeyote ni hili: mwalimu wa hesabu wa la saba analipwa na serikali, au na sisi peke yetu? Anayelipwa na wazazi peke yao, malipo yakichelewa mwezi wa pili, anatafuta saa za kufundisha shule nyingine. Darasa lako linabaki na kiongozi wa darasa, anaandika ubaoni majina ya wapiga kelele.

Ile 98. Exetat inahesabu waliokaa kwenye mtihani, haihesabu walioachwa njiani. Shule ikianza na hamsini la saba, ikafikisha ishirini mwisho, ishirini wakapita wote, getini wanaandika mia kwa mia. Wale thelathini? Wengine wamehama na wazazi wao. Wengine buletini (karatasi ya matokeo) ilisema wamepita, ila wakapitie kwingine. Sisemi Masista wako wanafanya hivyo. Nasema omba namba mbili, walioanza na waliofika. Halafu kumbuka Exetat ya Aline iko miaka sita mbele. Mtihani wake wa karibu ni ENASOSP, mwisho wa la nane, ndio unaoelekeza mtoto kwenye sayansi, ualimu, biashara au ufundi. Huo sijaona shule inaubandika getini.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi. Shule nyingi zinawapa wafinalisti, wale wa mwaka wa mwisho, walimu wao wazuri, kwa sababu wafinalisti ndio wanaoleta ile karatasi ya getini. La saba linapewa aliyebaki. Na la saba ndiko ninakoona watoto wanavunjika. Primeri alikuwa na mwalimu mmoja anayejua hata jina la bibi yake. Sasa walimu kumi na zaidi, trimesta tatu zimekuwa semesta mbili, hesabu imegawanyika aljebra, aritmetiki, jiometria na takwimu, wanyama wana kaye yao, mimea yao, mwili wa binadamu yake. Yote kwa Kifaransa. Nimeona mtoto wa 80 kwa mia ENAFEP, Desemba analia kwa sababu hajui ni kaye gani ya kutoa.

Kwa hiyo maabara usiombe kuiona. Omba kaye ya aljebra ya mtoto aliyemaliza la saba mwezi wa saba uliopita. Si ya yule wa kwanza wa darasa, hiyo wataileta mbio. Ya mtoto wa katikati. Angalia tarehe zinafuatana siku mbili tatu, au zinaruka wiki tatu. Angalia wino mwekundu kama umefika ukurasa wa mwisho au ulikauka Novemba. Kaye haijui kumpendelea mtu.

Patron 243

Mnajisumbua bure. Mtie shule ya binafsi, lipa, ulale.

Mama Aline wa Nyamugo

Aksanti papa. Minervali (ada) ya kwanza utaileta mwenyewe sokoni, au nije kuichukua?

Papa Bahati, Bagira

Mwalimu kasema vizuri, ila mimi namwambia Mama Aline: anza na miguu ya mtoto.

Bahati wangu nilimtoa Bagira, nikampeleka shule yenye jina huko mjini. Nilitaka niseme kazini "mwanangu anasoma pale". Miaka miwili. Saa kumi na moja alfajiri tuko macho. Petroli ikipanda, motari anapandisha. Petroli ikishuka, motari hajasikia habari. Mwisho wa semesta nilibaki nadaiwa kiasi kidogo, buletini wakaishika. Mtoto hakujua amepata ngapi mpaka wiki ya tatu ya semesta mpya. Usiku anaegemea meza na kalamu mkononi, amelala. Mama yake ndiye aliyeniambia, hapa tunasomesha au tunasafirisha?

Nikamrudisha shule ya karibu, ya serikali, dakika saba kwa miguu. Darasani wako wengi, ndiyo. Lakini mimi napita pale nikitoka kazini, bila kuitwa, nasimama dirishani. Mwalimu ananiona. Mwalimu anayejua kwamba baba anaweza kutokea dirishani hafundishi sawa na asiyejua. Shule ya mjini niliingia mara mbili tu kwa miaka miwili, na zote mbili nilikuwa kwa keshia. Bahati sasa yuko mwaka wa tatu wa umanite (sekondari ya juu, baada ya la nane), biashara. Si wa kwanza. Ni wa tisa, kumi na moja, hapo hapo. Analala usiku.

Ya zamu ya mchana, njia ya Panzi: mama, hapana. Kaandikishe mvulana wa miaka kumi na sita, si huyo.

Mwalimu wa Aljebra

Papa Bahati, la dirishani nakubali kwa asilimia mia, na mimi ndiye mwalimu wa upande wa pili wa dirisha.

Kuhusu 68. Mwaka jana nilikuwa na 61. Siwezi kusahihisha kaye 61 kwa siku, nasahihisha safu moja, kesho safu nyingine. Mtoto anaonwa na mwalimu mara moja kwa juma. Kama anauliza maswali, inatosha. Kama ni wa kunyamaza na kukaa nyuma, anaweza kufika mwezi wa sita sijajua sauti yake. Mama Aline, wako ni yupi?

Neema N.

Shikamoo mama, shikamoo walimu. Niko ISP, chuo cha ualimu, mwaka wa pili. Nimesoma maswali yote mpaka hapa na hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza choo.

Mama, Aline ana miaka kumi na miwili. Katikati ya la saba na la nane atakuwa msichana mkubwa, unanielewa. Shule yangu ya la saba ilikuwa na vyoo vinne kwa wote, viwili vya wasichana, na kimoja kati ya hivyo viwili hakikuwa na mlango, kilikuwa na pazia la gunia. Kila mwezi siku tatu nilikuwa nasema tumbo linauma, nabaki nyumbani. Fungua kaye yangu ya jiometria ya mwaka ule, utaona mashimo. Mwalimu alifikiri mimi ni mvivu, na baba alifikiri mwalimu ananionea. Hakuna aliyefikiri mlango.

Kwa hiyo ukienda, usiulize "vyoo viko?" watasema viko. Ingia. Funga mlango ukiwa ndani. Kama hakuna komeo la ndani, huo si mlango. Angalia kama kuna maji, na bomba likikauka kama kuna pipa.

La pili. Baadaye nilihamia shule kama hiyo yako ya Masista, si hiyo, nyingine. Safi, nidhamu, nilijifunza mengi, sitasema uongo. Lakini kulikuwa na kipande cha mbao chenye kamba, tulikiita *senyale*. Ukisikika unasema Kiswahili uwanjani unavikwa shingoni, unakaa nacho mpaka umkamate mwenzako akisema. Wa mwisho wa siku anafagia. Kifaransa changu kilikuja haraka, na wiki sita za kwanza sikusema na mtu. Nilikuwa nanyamaza kuanzia geti mpaka geti. Mtoto wa kunyamaza ukimpeleka mahali kama pale atanyamaza mara mbili. Uliza kama wana desturi hiyo, wengi wameiacha.

Mama Aline wa Nyamugo

Neema mwanangu, Mungu akubariki. Nilikwenda shule tatu, nikahesabu madawati, nikahesabu madirisha, choo sikuingia hata kimoja. Na mimi nilikuwa msichana!

Mwalimu, Aline si wa kunyamaza. Ana mdomo. Shida yake ni Kifaransa, alichopata 71 nacho kilikuwa hesabu zaidi. Nipeni siku chache.

Mama Aline wa Nyamugo

Nimerudi. Siku tisa.

Kaye hazikuombwa kwa prefe yeyote. Nilikaa mezani kwangu sokoni, kila mama aliyekuja kununua nikamuuliza, mtoto wako anasoma wapi, la ngapi? Mwenye mtoto aliyemaliza la saba katika zile shule tatu nikamwambia: niletee kaye zake kesho, nakupa kikombe cha sambaza, kaye nazirudisha. Kufikia Ijumaa nilikuwa na kaye kumi na moja chini ya meza, na dada yangu akaanza kuniuliza kama nimefungua shule.

Nauza sambaza miaka mingi, najua gunia linavyopangwa. Kubwa zinazong'aa juu, vumbi chini. Mnunuzi anayejua anatumbukiza mkono mpaka kiwiko. Basi nikatumbukiza.

Masista: kaye nzuri kuliko zote kwa macho, majalada ya plastiki, mistari imepigwa kwa rula nyekundu. Nilikuwa na tatu za aljebra, watoto tofauti. Nikaziweka sambamba. Kila zoezi sawa, jibu sawa, hata kosa la kufuta liko mahali pamoja. Yaani masahihisho yalinakiliwa kutoka ubaoni, na ule wino mwekundu ni sahihi tu chini ya ukurasa. Labda mazoezi yenyewe yanafanyiwa kwenye karatasi nyingine, Mwalimu utaniambia. Lakini katika kaye sikuona mtoto, niliona ubao.

Nilirudi kule kuomba namba mbili. Sekretari akaanza tena mambo ya kidirisha. Bahati nzuri sista mkuu alikuwa anapita, akasikia swali, akaniingiza ofisini mwenyewe. Akafungua rejista. Wafinalisti wao wa mwaka ule walianza la saba wakiwa 103, madarasa mawili. Waliokaa Exetat ni 49, na kati ya hao wachache waliingia baadaye kutoka kwingine. Waliopita 48. Hiyo ndiyo 98. Hakunificha, na hakuona aibu, aliniambia tu: "Mama, hapa kuna kupepeta." Senyale wameiacha, alisema. Nilimshukuru kwa moyo. Nilitoka nikiwaza wale 54 na zaidi ambao hawakufika.

Waprotestanti: nilipata kaye moja tu, na imeniumiza. Ni nzuri kuliko zote kumi na moja. Tarehe kila siku mbili, mazoezi, wino mwekundu unaoongea: "kwa nini?", "ishara!", "rudia namba 4". Mwalimu huyo ningemchukua nimweke ndani ya gunia nimpeleke Nyamugo. Nikarudi kuuliza kama kuna la saba la asubuhi. Hakuna. Wanasema wanajenga. Nimeona mawe, sijaona ukuta. Papa Bahati, nimesikia.

Bati Jekundu: kaye za mtoto wa katikati kweli, mama yake mwenyewe alisema "huyu wangu hana sifa". Aljebra inakwenda mpaka Juni. Tarehe zinaruka mara mbili, wiki moja moja. Mazoezi 41 yamesahihishwa, na mtoto amekosea kwa njia zake mwenyewe, mengine mpaka nilicheka. Ila kaye ya Kifaransa inakoma tarehe 20 Februari. Baada ya hapo kuna mchoro wa gari. Nikamuuliza prefe. Akashusha pumzi: mwalimu aliondoka, hakuwa kwenye orodha ya mishahara, mwingine alikuja Mei. Mwaka huu anasema yuko wa kudumu. Sijui kama nimuamini, lakini nimeandika jina la mwalimu nyuma ya kaye ya madeni na nitapita dirishani.

Halafu nikaomba choo. Prefe akashtuka, akanielekeza cha walimu. Nikasema hapana, cha wasichana. Vitatu. Milango mitatu iko. Makomeo mawili. Maji yako kwenye pipa nje, kopo limefungwa kwa kamba.

Nikashuka sokoni, nikanunua komeo, 3,500, na misumari ya skrubu nane, nikapanda tena. Prefe aliniangalia, akaangalia komeo, akamwita mlinzi na bisibisi. Nilisimama pale mpaka likafungwa. Siku iliyofuata nilikwenda na Aline kumwandikisha. Hakufurahi. Rafiki yake wa tangu la kwanza anaenda kwa Masista, na Bati Jekundu anasema kunanuka chaki. Akaingia choo cha tatu, nikasikia komeo linafunga, linafungua, linafunga. Akatoka hakusema kitu, akaniuliza atakaa na nani dawatini.

Hesabu ya moto imebaki mfukoni, 72,000 kwa mwezi. Si yote ni ya shule, tusidanganyane, kuna wengine watatu nyumbani. Lakini nusu yake nataka iende kwenye Kifaransa. Nani anamjua mtu Nyamugo au karibu, mara mbili kwa juma, saa moja, baada ya masomo? Awe mvumilivu, mtoto ana mdomo. Nalipa kwa makuta, au kwa sambaza, au nusu kwa nusu.

Mwalimu wa Aljebra

Mama, kuhusu kaye za Masista: inawezekana kuna kaye ya pili ya mazoezi ya nyumbani. Lakini ulichokiona umekiona. Na nikikuta mzazi dirishani kwangu mwaka huu nitajua chanzo ni wewe.

Papa Bahati, Bagira

Komeo! Mama, njoo Bagira, tuna milango mitano inakusubiri.

Neema N.

Mama Aline, pale ISP niko idara ya Kifaransa. Nakaa Nkafu, kushuka kwako ni robo saa. Jumanne na Ijumaa niko huru kuanzia saa tisa. Nusu kwa nusu nakubali, ila sambaza ziwe zile za juu ya gunia.